Walawi Wako Shambani (Tafakari ya wiki, Nehemia 13:4-13)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, wahadhiri na watumishi wenzangu wa vyuo vya hapa Dar. Naona kwenye simu watu wameshaanza kuulizana ratiba imetoka au bado, nani kapewa kozi gani, matokeo ya sapu (mitihani ya marudio) yameingia kwenye mfumo au yamekwama, kwa hiyo likizo ndo hiyo inaishia, na muda si mrefu pale Mwenge na Ubungo patajaa vijana na mabegi yao wanauliza gari la chuo linapita wapi. Wiki hii nimeona tusome Nehemia 13, kuanzia mstari wa 4 mpaka wa 13, maana ni habari ya mtu anayerudi kazini.

Wengi tukisikia Nehemia akili inakimbilia kwenye ukuta wa Yerusalemu aliousimamia ukajengwa upya, na zile siku 52 ulizochukua. Hapa ukuta ulishaisha zamani. Nehemia alikuwa liwali, yaani gavana wa Yuda, miaka 12, toka mwaka wa 20 wa mfalme Artashasta wa Uajemi mpaka wa 32, akarudi kwa mfalme, alafu baada ya muda akaomba ruhusa aende tena Yerusalemu. Sasa anachokikuta huko jamani. Kulikuwa na chumba kikubwa kwenye nyua za nyumba ya Mungu, tuseme stoo, ndimo walimokuwa wanaweka sadaka za unga, ubani, vyombo, na zaka za nafaka na divai na mafuta ambazo ndo zilikuwa riziki ya Walawi, yaani wahudumu wa hekalu, waimbaji na mabawabu, walinzi wa malango. Kuhani Eliashibu kampa Tobia chumba hicho, kisa ni mtu wake wa karibu. Tobia yule yule aliyekuwa anawacheka wakati wanajenga, akisema hata mbweha akipanda ukuta utabomoka, leo ana ofisi ndani! Nehemia hakuita kikao wala hakuandika barua ya kuelezea masikitiko yake, alitupa vyombo vyote vya Tobia nje, akaagiza vyumba visafishwe, akarudisha vitu vya Mungu mahali pake.

Najua kuna mtu hapa anatabasamu, aliwahi kurudi toka masomoni akakuta meza yake ina jina la mwingine. Lakini nisiwapeleke huko, habari za ofisi tukizianza hatutamaliza leo.

Ninachotaka tukae nacho ni mstari wa 10. Nehemia akagundua kwamba Walawi hawakupewa sehemu zao, kwa hiyo Walawi na waimbaji, waliotakiwa kufanya kazi ya hekalu, walishakimbia kila mtu shambani kwake.

Shambani kwake! Mi nikisoma hapo naona Mkuranga kabisa, naona Kisarawe, Bagamoyo, Kibaha, naona yule Dokta ambaye ukimpigia Jumatano asubuhi unasikia jogoo nyuma yake anakwambia niko njiani nakuja chuo. Na hii haijaanza na sisi, wakubwa zetu waliofundisha miaka ya 1980, hali ilivyokuwa ngumu mshahara hauvuki wiki, watu wenye shahada za uzamivu toka Ulaya walifuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba na ndo maziwa yaliyosomesha watoto. Siku hizi shamba limebadilika sura tu, kuna shamba la ukonsalta, shamba la kufundisha jioni chuo kingine mjini, shamba la kuandikia watu pendekezo la mradi usiku kucha. Ndo maana kolidoa zetu zimekuwa kimya, unapita milango kumi unakuta mmoja uko wazi, na huo ulio wazi ni wa mama mhudumu anafagia.

Sasa angalieni Nehemia anamgombeza nani. Mstari wa 11 unasema aligombana na wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Walawi hakuwafokea hata neno, aliwakusanya tu akawarudisha kila mtu mahali pake. Sisi tungefanya kinyume chake, tungewaita Walawi kwenye kikao tukawapa somo la wito, na la uzalendo juu yake, alafu tukafunga na maombi.

Na ndivyo tunavyofanya, tusidanganyane. Kuna vijana wetu kwenye idara, wahadhiri wasaidizi na wale wakufunzi wasaidizi, ambao ratiba ikitoka wao ndo wanabebeshwa kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi mia kadhaa, na semina zake zote, na kusahihisha kwake kote, wakati mkubwa wa idara ana darasa moja la uzamili lenye watu wa kuzunguka meza moja na chai inaletwa. Kijana anatembea na betri za maiki kwenye mfuko wa shati, kanunua mwenyewe, maana akitegemea za ukumbini atafundisha kwa kupiga kelele saa mbili. Majibu ya testi anayabeba kwenye kiroba, anakaa nayo magotini kwenye mwendokasi mpaka Kimara, akishindwa kupata kiti basi kiroba kiko katikati ya miguu na anakilinda, wiki mbili za kusahihisha usiku watoto wamelala. Alafu likija jambo lenye posho, kwenda mkoani kukagua wanafunzi wa fildi (mafunzo kwa vitendo) au mradi wa wafadhili, majina yanayotoka ni yale yale ya mwaka jana na juzi. Huyo kijana akianza kwenda kufundisha jioni chuo kingine ili alipe kodi ya nyumba, tunakaa kwenye chai tunasema, vijana wa siku hizi hawana wito. Hana wito au hajapewa sehemu yake?

Sisemi wote walioko shambani wamefukuzwa na njaa. Wapo Walawi walionogewa, hata zaka ikirudi hawarudi, kozi yake anamwachia msaidizi muhula mzima yeye anakuja kusaini matokeo, na huyo ana maswali yake ya kujibu mbele za Mungu. Lakini Nehemia hakuanza na huyo. Alianza kwa kuhakikisha stoo ina chakula, ndipo mstari wa 12 Yuda wote wakaleta zaka.

Alafu kuna mstari wa 13 ambao huwa tunauruka kwa sababu umejaa majina. Anateua watunza hazina: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya wa Walawi, na Hanani wa kuwasaidia. Kuhani mmoja, mwandishi mmoja, Mlawi mmoja yaani mtu wa kundi lile lile lililodhulumiwa, sio kwamba stoo imerudi tena mkononi mwa kina Eliashibu peke yao. Sababu ya kuwachagua ni moja, walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao. Mi naona hii ni huduma kabisa, sawa na kuhubiri. Ukiwa wewe ndo unagawa kozi kwenye idara, au unapanga nani aende fildi wapi, umeshika ofisi ya Pedaya, na orodha yako ibandike ukutani kila mtu aisome, orodha inayokaa kwenye droo ndo inayozaa minong'ono.

Na Nehemia alikuwa na mdomo wa kuyasema hayo kwa sababu yeye mwenyewe, sura ya 5, miaka ile 12 hakula chakula cha liwali, posho yake halali kabisa, kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito juu ya watu. Tarehe 14 Oktoba tutamkumbuka Mwalimu Nyerere, na mi kila mwaka nakumbuka Oktoba ile ya 1966, wanafunzi wa Mlimani, chuo kikuu cha Dar, wameandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na wakasema wazi kwamba wakubwa wenyewe wanaishi kwa mishahara minono. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu 400, hilo watu wanabishana mpaka leo na mi siliingilii, ila hapo hapo akakata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Lile neno la wanafunzi lilimuingia. Sisi wengine hatuna mshahara wa kukata, ukikata yangu inabaki karatasi, lakini tuna vipindi, tuna nafasi kwenye miradi, tuna jina la kwanza kwenye chapisho ambalo data zote kakusanya mwingine.

Kitu kingine, wale Walawi hawakutajwa peke yao. Mstari wa 5 unawaweka na waimbaji na mabawabu kwenye stoo moja. Bawabu wa kwetu ni yule mlinzi wa kampuni anayefungua geti saa kumi na mbili asubuhi na mshahara wake unachelewa, ni fundi wa maabara anayeandaa vifaa vya praktiko na jina lake halitokei popote, ni yule mama wa usafi tunayemuita mama fulani miaka na miaka hatujui jina lake. Tunaporudi na mipango yetu ya ushirika wa maombi, hawa tunawaita au tunawaombea tu wakiwa nje ya mlango?

Kwa hiyo wiki hii kabla ya kikao cha idara, kila mmoja wetu amtafute kwa simu mwenzake mmoja ambaye muhula uliopita alipotea potea, sio kumuuliza kwa nini hukuonekana, muulize muhula huu umepangiwa nini na umebakiwa na muda gani wa kula na watoto wako. Msikilize mpaka amalize, hata kama ni mambo ya kuku. Na ninyi wakubwa zetu, shikamooni, hili nalisema kwa heshima, chukueni kundi moja la mwaka wa kwanza. Moja tu. Mtawakuta kwenye ngazi wanatafuta ukumbi na karatasi mkononi, na mkiwafundisha ninyi watasimulia mpaka uzeeni.

Alhamisi saa saba mchana tunaomba pamoja kama kawaida, chumba kitatangazwa maana kile cha zamani sina hakika kama Tobia hajaingia. Njoo na ratiba yako mkononi, tutaombea kozi kwa kozi, na profesa atakayekuja na mwaka wa kwanza kwenye ratiba yake tutampigia makofi kwanza ndo tufungue kwa sala.