Nilivyokakamata kakompaila kangu ndani ya dibaga

Nina kakompaila (kaprogramu ka kutafsiri kodi) nimekaandika kwa C hapa geto Gungu, Kigoma, unakapa maneno ya Kiswahili, "kama", "andika", kanakutolea assembly, lugha iliyo karibu na ya mashine. Kalikuwa kanatembea freshi mpaka nilipoongeza hesabu ya kutoa, toka siku hiyo kila nikikarani kwenye terminali najibiwa "Segmentation fault" basi (yaani programu imegusa memori isiyo yake), hakuna mstari wala nini. Nikajaza printf kila kona kaniandikie kamefika wapi, wapi.

Mshkaji akaniambia we si una Code::Blocks humo, ile programu ya kuandikia kodi, tumia dibaga yake (ya kuchungulia programu ikiwa inatembea). Mi nilidhani ile ni ya programu zenye madirisha, sio kitu cha kuandikia amri.

Haya, nikakompaili na -g (ili dibaga ione majina na mistari ya kodi), nikawasha. Kakasema "nipe faili" kakazima. Kumbe kwenye terminali jina la faili huwa naliandika mwenyewe mbele ya amri, dibaga italijulia wapi? Unaenda menyu ya Project, Set programs' arguments, unaliandika pale. Nikarudia, sasa eti faili halipo! Hapa ndo jioni yangu yote iliishia, umeme umekatika na betri inaelekea kufa, faili nalitazama kwa macho lakini halipo. Shida ilikuwa folda, mi kwenye terminali huwa nasimama folda ya juu, dibaga inaanzia kwenye folda ya projekti. Kuna sehemu ya kubadilisha, ila mi mvivu nikaweka njia nzima kuanzia /home.

Baada ya hapo hata breki pointi (mahali pa kuisimamisha programu) sikuweka, nikakaacha kaanguke kenyewe nikafungua Call stack, orodha ya fanksheni ipi imeitwa na ipi. Aisee! usemi, fanksheni yangu ya kusoma hesabu, imeitwa na usemi, imeitwa na usemi, nashuka tu haiishi. Steki (memori inayoshika miito hiyo) ya Linux kwa kawaida ni 8 MB, mi nilikuwa naijaza yote kwa sababu kanuni yangu ya kutoa inajiita yenyewe kabla haijala tokeni (neno, namba au alama) hata moja. Nikaigeuza ikawa kitanzi cha while, 10 - 3 - 2 ikatoa 5 (ukiigeuza vibaya ikaanza na 3 - 2 utapata 9, nimeshapita huko pia).

Anayetaka kufanya hivi kwa gcc yenyewe, ile kompaila ya C, ajue gcc ni dalali tu, kazi ya C inafanywa na programu nyingine anayoiita, cc1, ukiweka breki pointi kwa dalali utasubiri sana. Irani na -v kwanza uone amri anayompa cc1, hiyo ndo upeleke kwenye dibaga.