Herufi Moja Kwenye Sabtaito

Jioni ile niliketi nyuma ya ukumbi, kando ya projekta, daftari mapajani. Watazamaji walikuwa 26. Filamu ilikuwa Ex Machina ya Alex Garland, iliyotoka 2015, dakika 108, na sabtaito za Kiswahili, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, nilikuwa nimeziandika mwenyewe. Nilitaka kujua watu watacheka wapi na watanyamaza wapi. Nikaishia kuhesabu viambishi.

Kwa asiyeijua: Caleb, mtunga programu, anaalikwa kwenye nyumba ya bosi wake, Nathan, mbali na watu, ampime roboti aitwaye Ava. Katika jaribio la kupima kama mashine inaweza kudhaniwa mtu, alilolieleza mwanahisabati Alan Turing mwaka 1950, mpimaji hamwoni anayemjibu. Anasoma maandishi tu. Nathan amelipindua. Caleb anaziona nyaya za Ava zikimulika tumboni, anajua fika kwamba ni mashine, na swali ni kama hata hivyo ataamini kuwa ndani yake mna nafsi.

Hapo ndipo mfasiri anapopata taabu. Kiingereza kinamtaja Ava kwa kiwakilishi cha kike tangu mwanzo, na mambo yanaishia hapo. Kiswahili hakijali jike wala dume, ila kina swali lake kizito zaidi: unayemsema ana uhai au hana? Amesema, au imesema? Kitenzi hakikai mdomoni mpaka uchague. (Kwa maiti tunasitasita wenyewe: wengine husema amelazwa, wengine imelazwa.) Na nafasi ya kukwepa ni finyu. Kanuni niliyofuata ni mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, na maandishi yasikae skrini zaidi ya sekunde saba. Ava nikampa a- kwa sababu ana jina. Roboti wengine wote nikawapa i-, ili msimamo uwe mmoja. Nilijiona nimefanya jambo la busara.

Kosa la kwanza halikuwa la lugha. Faili ya sabtaito niliyoanzia ilipangiwa muda wa nakala ya filamu inayokwenda fremu (picha) 25 kwa sekunde, na nakala yetu ilikwenda 23.976. Tofauti hiyo ni kama asilimia 4. Siku moja kabla nilikuwa nimejaribu dakika mbili za mwanzo tu, na huko maandishi hutangulia kwa sekunde tano hivi, kwenye sehemu ambayo watu hawasemi sana. Lakini kila dakika 10 zinapopita, pengo huongezeka kwa sekunde 25 hivi. Kufikia kikao cha kwanza cha Caleb na Ava, jibu lilisomeka kabla swali halijaulizwa. Ukumbi ukacheka. “Inaongea kama kasuku,” akasema mzee mmoja. Nikaandika: i-.

Kuchelewesha sabtaito kwa kitufe hakusaidii hapo, kwa sababu kitufe husogeza mistari yote kwa kiasi kilekile, hali pengo linakua. Dawa ni kubadili kasi yenyewe: kila muda uliomo kwenye faili uzidishwe kwa 1.0427. Tulisimama dakika kumi, nikarekebisha, nikakirudisha kikao kile kile mwanzo. Safari hii sentensi zilitoka pamoja na uso wa Ava, na hakuna aliyecheka. Yule yule mzee akamnong’oneza jirani yake: “Anamwangalia sana huyu.” Nikaandika: a-. Kilichobadilika katikati ni muda wa maandishi tu.

Kosa la pili lilikuwa langu tupu. Kuna Kyoko, mtumishi wa Nathan, asiyesema neno. Mwanzoni tunaaminishwa kwamba ni binadamu. Muda mrefu baadaye ndipo anapobandua ngozi yake mbele ya Caleb. Mimi siri hiyo nilikuwa naijua, na kwa ule msimamo wangu, pale Nathan anapomwambia Caleb asijisumbue kusema naye, nilikuwa nimeandika: “Haielewi Kiingereza.” Msichana wa safu ya mbele akaruka: “Kumbe na huyo roboti!” Wenzake wakamgeukia, kisha wakanigeukia mimi. Ngozi ilipobanduliwa, hakuna aliyeshtuka.

Walishtuka Caleb alipojichana mkono kwa wembe kutafuta nyaya zake mwenyewe. Hapo hata wale waliokuwa wakitafuna waliacha.

Mwisho wenyewe uliwagawa. Ava anavaa ngozi na nguo, anatoka, anamwacha Caleb nyuma ya mlango uliofungwa. Fundi mmoja wa umeme alikerwa na mlango huo tu: Caleb alishabadili programu ili umeme ukikatika milango ifunguke, sasa mbona umeme umekatika, taa zimekuwa nyekundu, na huu haufunguki? Swali zuri, na filamu hailijibu. Wengine walibishania adhabu. Mama mmoja alisema, “Amemsaliti mtoto wa watu. Hana utu!” Kijana nyuma yake akamjibu, “Shikamoo mama, lakini utamdai vipi utu asiye mtu? Iliundwa itafute njia ya kutoka, ikaipata.”

Nilipolitazama daftari nikaona nilichokuwa sikutarajia. Nilidhani waliompenda Ava ndio watakaosema a-, na waliomchukia watamrudisha kwenye i-. Ikawa kinyume. Karibu wote waliomlaani walisema a-: amemtumia, amemwua kijana kwa njaa. Waliomsamehe ndio waliosema iliundwa, ilipangwa, imefanya kazi yake. Sentensi niliyoipigia mistari miwili ni ya yule mzee wa kasuku, aliyesimama akiwa amekunja uso: “Roboti imemfungia kijana wa watu, hana huruma hata kidogo.” Aliianza na kitu, akaimaliza na mtu, wala hakujisikia.

Usiku huo, kabla ya kulala, nilifungua faili nikatafuta mstari wa Kyoko. Haielewi. Nikafuta herufi moja, ikabaki haelewi. Kisha nikashuka hadi mahali Nathan anapoeleza jinsi Ava alivyomtumia Caleb kama njia ya kutokea, nikaweka i- kila mahali, nikaisoma, nikarudisha a-.