Tone la maji ya chumvi

Tulikuwa tukipima maji ya visima na ya vijito vya mikokoni huku Pemba, tukitafuta bakteria wa kipindupindu. Wiki ya kwanza nilikaribia kutangaza ugonjwa ambao haupo.

Bakteria huyo, Vibrio cholerae, ana makundi zaidi ya 200, na wengi wao huishi tu kwenye maji ya chumvichumvi. Wanaoleta milipuko ni O1 na O139, huyu wa pili akijulikana tangu 1992. Kwa macho huwezi kuwatenganisha. Ndiyo kazi ya kingamwili: ile ya O1 hushika sukari za kwenye ngozi ya O1 peke yake, ikawaunganisha bakteria mpaka wakafanya vipunje.

Sahani za agari ya TCBS, ute wa kuoteshea bakteria wa aina hii, zilitoka na madoa ya bakteria, ya manjano, bapa, yanang'aa. Nikachota doa, nikalikoroga kwenye tone la seramu ya O1, maji yenye kingamwili ile, juu ya slaidi, nikaitikisa taratibu. Haikufika nusu dakika, tone likakatika kama tui lililozidi moto: vipunje vyeupe huku, maji maangavu kule. Sampuli sita kati ya nane zilifanya vivyo hivyo. Mikono ilinitetemeka. Visima viwili kati ya hivyo vinanywewa na watoto wa skuli.

Mkubwa wangu wa maabara akainama, akatazama. "Mwanangu, tone la maji ya chumvi liko wapi?"

"Sikutia, mama."

"Tia."

Nikatia maji ya chumvi matupu, bila kingamwili yoyote, nikakoroga doa lile lile. Likakatika vile vile.

Mwanzo nililaumu friji, kwa sababu usiku ule umeme ulikatika na seramu hutaka nyuzi 2 hadi 8. Lakini seramu iliyochoka hushindwa kukamata. Haikamati kila kitu. Kosa lilikuwa langu: madoa ya TCBS hayafai kupimwa moja kwa moja, huweza kujigandia yenyewe. Nikayaotesha upya kwenye agari ya kawaida, nikasubiri hadi kesho yake.

Safari hii maji ya chumvi yalibaki laini. O1 wetu wa kulinganishia alikatika papo hapo kwenye seramu. Yale sita yakatulia kama maziwa, bila vipunje, kwa seramu ya O1 na kwa ya O139.

Daftari langu sasa lina safu ya maji ya chumvi, kushoto kabisa. Naijaza kabla sijafungua kichupa cha seramu.