Skonzi za tui na korosho kwa jiko la mkaa, nilivyozipata

Mimi niko Mikindani, oveni sina, nina jiko la mkaa na sufuria tu, ila saivi skonzi nazotoa watoto wanagombania mpaka zile za pembeni. Kufika hapa nimeharibu unga kilo mbili nzima na roho iliniuma kwelikweli.

Mara ya kwanza donge liligoma kuumuka. Nimekanda, nimefunika, nimesubiri toka adhuhuri mpaka alasiri, lipo vilevile zito kama udongo wa kukandikia nyumba. Nikalaumu hamira, nikanunua nyingine, yaleyale. Bibi jirani yangu, kapika maandazi ya kuuza miaka mingi, nikampa shikamoo nikamweleza, akaniuliza kitu kimoja tu, "Mwanangu, tui unalitia la moto?" Nikamwambia ndio bibi, naliepua namimina. "Basi hamira unaiua mwenyewe." Na kweli, hamira ni kitu chenye uhai, ukiimwagia cha moto inakufa. Tui liwe vuguvugu, yaani uweze kutumbukiza kidole na kukiacha humo bila kuungua. Sijakwama hapo tena.

Mimi natumia unga wa ngano kilo 1, sukari robo (nabakisha kidogo ya kujazia), hamira ya chenga kijiko 1 cha chakula, chumvi kijiko cha chai, mafuta vijiko vitatu, iliki ya kutwanga, na tui vikombe viwili hivi naongeza kidogokidogo. Sukari usizidishe jamani, ikizidi linachelewa sana kuumuka. Kanda dakika 15 bila huruma, ukitaka kujua limeiva kwa kukanda kata kipande kivute taratibu kwa vidole, kikitanuka chembamba mpaka unaona mwanga wa dirisha bila kuchanika basi tayari.

Kwa joto letu la huku dakika 45 za kuumuka zinatosha, ukilisahau linachacha, harufu yake utaijua. Halafu sukuma kama chapati nene, nyunyizia sukari, mdalasini na korosho za vipande (zile zilizovunjika, bei yake rahisi na ladha ni ileile), viringisha kama mkeka. Kukata usitumie kisu, kinabonyeza. Chukua uzi wa kushonea, upitishe chini, pishanisha ncha zake juu uvute, inakatika mduara safi kabisa. Panga kwenye treya uliyopaka mafuta, acha ziumuke tena kidogo.

Moto ndio ulinitesa zaidi. Nilikuwa najaza makaa chini, zinatoka nyeusi huku juu mbichi. Sasa naweka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, treya juu yake, chini makaa machache yaliyoanza kushika majivu, mengi nayapanga juu ya mfuniko. Dakika 25 na nyumba nzima inanukia iliki. Nikiepua tu napaka tui zito nafunika kitambaa, zinabaki laini mpaka kesho yake.

Wiki hii shangazi yangu wa Ligula kaniagiza 40 za maulidi. Sufuria yangu inaingia 10 tu, kwa hiyo nitaoka mara nne na kukanda mara mbili, donge la pili nalianza la kwanza likiwa jikoni, maana nikikanda yote pamoja lile la mwisho litachacha likisubiri zamu.