Mkanda wa saa wa babu: nilivyojua ni wa aina gani

Saa yenyewe ilishapotea kabla sijazaliwa, kilichobaki ni mkanda tu, ulikuwa kwenye kibati cha biskuti cha nyanya pamoja na sindano na vifungo vya mashati. Chuma chembamba, pingili nyembamba zimepangwa kama ngazi na kati yake ni uwazi mtupu. Fundi mmoja wa saa River Road, Nairobi, akanichekea, eti ya kike hii, nikupe mia mbili. Sikuuza, ila kusema kweli hata mimi niliamini ni ya kike.

Siku moja nikaanza kutafuta mtandaoni mkanda wa saa wa ngazi, nikakutana na ule wa saa za Zenith za Uswisi, uliotengenezwa na Gay Frères, watengenezaji mikanda wa Geneva, weh, bei zake zikaninyima usingizi. Nikakaa wiki nzima najiona tajiri mpaka nikakumbuka picha ya babu, imeandikwa nyuma 1956 na mkanda uko mkononi, na hiyo saa ya Zenith yenye mkanda wa ngazi, El Primero, ni ya 1969. Basi ndoto ikafia hapo.

Kosa langu nilikuwa naangalia sura. Mikanda ya kufanana iko mingi sana, ila kifungo cha mkanda kinasema ukweli. Nikauloweka kwenye maji moto na sabuni ya vyombo, nikasugua na mswaki wa zamani (msitumie steelwool jamani, mtayafuta maandishi), uchafu wa miaka sitini ukatoka mweusi kama mafuta ya gari, halafu nikamulika tochi ya simu kwa pembeni, sio moja kwa moja, ndio herufi zikajitokeza ndani ya kifungo: BONKLIP, na chini yake British Made.

Hapo kila kitu kikaeleweka. Bonklip ni ya Uingereza, ilianza miaka ya 30, hata Rolex waliwahi kuuza saa zikiwa na mkanda huu. Uzuri wake ni kwamba hukati pingili wala hutoi pini, mwisho mmoja una ndoano, unaingiza kwenye pingili yoyote na hiyo ndio saizi yako. Tena unapitishwa kwenye saa bila kung'oa chochote, kwa hivyo ulifaa sana saa za jeshi ambazo vile vyuma vya kushikia mkanda vimechomelewa havitoki. RAF, jeshi la anga la Uingereza, waliutumia, mpaka kwenye saa za marubani kama IWC Mark 11 ya 1948.

Na babu alikuwa mpishi kambi ya RAF pale Eastleigh! Mjomba amekuwa akisema miaka yote kwamba saa ilitoka kwa "mzungu wa ndege" na sisi tunamcheka. Sasa siwezi kuapa, mikanda hii raia pia walinunua madukani, lakini nimempigia simu nikamuomba radhi.

Nimeufunga kwenye Seiko yangu kuukuu. Kuna pingili moja imelika upande mmoja pale ndoano ya babu ilipokuwa ikikaa, mimi naingiza ya tatu baada ya hiyo, kumbe mzee alikuwa na mkono mwembamba hivyo.