Kwenda Ukara kwa Njia ya Kisorya

Watalii hushuka Lamadi. Basi la Musoma likisimama pale, wenye mabegi marefu mgongoni wanahamia kwenye magari yaliyokuja kuwapokea, wanaelekea lango la Ndabaka kuingia Serengeti, na ndani ya basi tunabaki sisi wenye magunia na kuku. Nilikuwa nakwenda Ukara, kisiwa kilichoko kaskazini ya Ukerewe, na kilichonivuta ni vyombo vilivyozama. Mwenye haraka apande meli Mwanza hadi Nansio kisiwani Ukerewe, saa tatu na ushee anakuwa amefika. Njia ya Bunda na Kisorya inakula siku, lakini inapita Igoma, na anayefuata habari za vyombo vilivyozama ziwani hana sababu ya kuiruka Igoma.

Igoma bado ni ndani ya jiji la Mwanza, kandokando ya barabara hiyohiyo ya Musoma. Ndipo walipozikwa abiria wengi wa MV Bukoba, iliyopinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba na Kemondo, ikiwa imebakiza kidogo tu kuingia Mwanza. Kibali chake kilikuwa abiria 430. Waliokufa walipita 800. Wapenda mafumbo wana lao humo, kwa kuwa mmoja wa waliokufa alikuwa Abu Ubaidah al-Banshiri, kiongozi wa juu wa al-Qaeda aliyekuwa anasafiri kama abiria yeyote. Mimi linalonishughulisha ni suala la hewa. Chombo kikipinduka na kubaki kinaelea kichwa chini, kinachokishikilia ni hewa iliyonaswa chini ya bamba la tumbo, ambalo sasa ndilo paa. Walionasa ndani wanapumua hewa hiyohiyo. Wakigonga, walio nje wanasikia, na kila mwenye huruma anataka patobolewe. Ukitoboa, hewa inatoka kwa kishindo, maji yanapanda kutoka chini, na chombo kinazama. Ndivyo ilivyokuwa: bamba lilitobolewa, meli ikaenda chini na waliokuwa wanagonga. Inatakiwa chombo kishikiliwe kwanza, kwa kreni au kwa vyombo vingine vya kukibana ubavuni, halafu wazamiaji waingie kwa chini. Vifaa hivyo havikuwepo karibu, na wazamiaji wengine ilibidi waletwe kutoka Afrika Kusini.

Wapo wanaouliza kama mtu anaweza kwenda kuzamia huko. Maji ya Ziwa Victoria ni ya kijani kwa mwani, na ukishuka kidogo tu huoni kiganja chako. Ukanda wa pwani una kichocho. Zaidi ya hayo, mle ndani ni kaburi, na watu wake bado wapo Mwanza na Bukoba wanahesabu miaka.

Kutoka Bunda gari ni daladala ya kubanana, kupitia Kibara, vumbi tupu, na nauli yake ilipanda mara ya pili tulipofika nusu ya njia kwa sababu konda aliona magunia. Kisorya unaingia kwenye kivuko cha kwenda Rugezi, mwendo mfupi. Nansio nililala kwenye gesti yenye chandarua kilichotoboka na maji ya ndoo, kwa bei ya chumba chenye bomba. Kesho yake nikaenda Bugolora.

Kutoka Bugolora kipo kivuko cha serikali hadi Bwisya, nauli yake ni ndogo na ndicho ninachomshauri kila mtu. Nilikodi mtumbwi kwa sababu moja: nilitaka kupita sehemu ambazo wavuvi wanasema nyavu zao hunasa. Ulikuwa mtumbwi wa mbao wa kuvulia dagaa, wenye Yamaha ya nguvu za farasi 15. Nahodha alianza na laki moja na ishirini, tukamalizana tisini, petroli juu yangu. Petroli ya mwaloni, yaani ufukweni wanakoshukia wavuvi, inauzwa kwa dumu na ni ghali kuliko ya kituo cha Nansio, na muuzaji hana kipimo zaidi ya chupa za maji za lita moja na nusu.

Tuliondoka saa moja asubuhi, na saa hiyo si ya kuchagua ovyo. Usiku radi na dhoruba huzaliwa katikati ya ziwa na mara nyingi humalizikia alfajiri. Mchana jua likipata nguvu upepo wa ziwani unasimamisha mawimbi. Kati ya hapo kuna saa chache za maji tulivu. Kabla ya kukaa angalia mambo matatu. La kwanza ni maboya ya kuvaa, moja kwa kila mtu na mikanda yake ifungike, yasiwe yamelaliwa na mzigo chini. La pili ni nafasi kati ya maji na ukingo wa mtumbwi: ikiwa haifiki shibiri mbili chombo kikiwa kimesimama, shuka. La tatu ni maji ya ndani. Kila mtumbwi wa mbao unavuja kidogo pale pamba ya kalafati, ya kuziba mianya ya mbao, ilipolegea karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, lakini maji yakiachwa yajae sakafuni yanakimbilia upande ambao chombo kimeinamia na kukiongezea kuinama. Kijana wa nahodha alikuwa na kopo la kuchotea mkononi tangu tunaondoka, na hilo lilinipa imani.

Sehemu za nyavu kunasa hazina bendera. Nahodha anazijua kwa mistari miwili: mwamba fulani wa ufukweni ukilingana na mti fulani wa kilimani, huku upande mwingine ncha ya kisiwa ikilingana na paa la kanisa. Mistari inapokatana, ndipo hapo. Kisha anashusha kamba yenye chubwi zito, lile timazi la kupimia kina, ambalo tako lake limepakwa sabuni ya mche. Chubwi likigonga jiwe, mkono unasikia mgongano mkavu na sabuni inarudi imekwaruzwa. Tope linarudi limeganda kwenye sabuni. Chuma chenye kutu kingeacha doa la kahawia. Tulishusha sehemu kadhaa na kote sabuni ilirudi na tope au mkwaruzo mweupe wa jiwe. Nahodha hakushangaa. Alisema sehemu nyingi ambazo watu huziita meli ni miamba na magogo, na meli halisi za ziwa hili zinajulikana zilipo. Alinyoosha kidole mashariki, kwenye mlima wa Majita. Huko ndiko meli ya Waingereza, Sybil, ilipopanda mwamba Novemba 1914, wakati wa vita vyao na Wajerumani, na mwaka uliofuata wenyewe wakairudia wakaiharibu isije ikawafaa maadui.

Injini ilizimika hapo hapo. Ilikohoa, ikashika, ikakohoa tena, ikanyamaza. Mlio huo si wa petroli kuisha. Ikiisha injini hupanda kasi kidogo kwanza kisha ikafa. Kukohoa kwa vipindi maana yake mafuta yanafika yakiwa yamechanganyika na kitu.

Kazi ya kwanza haikuwa injini. Mtumbwi usio na mwendo hugeuka wenyewe ukalaza ubavu kwenye mawimbi, na hapo wimbi dogo tu linatosha kuingia. Nahodha alifunga ndoo ya lita 20 kwenye kamba ya omo, yaani pua ya mtumbwi, akaitupa mbele. Ndoo ikijaa inavuta, na omo likabaki limeelekea upepo.

"Mwanangu, kaa katikati, chini," aliniambia. "Usisimame hata kama unataka kuona."

"Sawa, mzee."

Akafungua kava. Kwenye kikombe cha chujio, chini, kulikuwa na tone jeupe linalotembea kama zebaki, na juu yake petroli nyekundu. Maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hulala chini ya dumu, na bomba la kufyonza nalo linaishia chini ya dumu, kwa hiyo kinachofika kwanza kwenye injini ndicho kibaya. Alichomoa bomba la mafuta, akamwaga kikombe na kukifuta kwa shati. Akalegeza skrubu ya chini ya kabureta mpaka ikatoka petroli tupu isiyo na mapovu. Akatoa plagi zote mbili kwa spana namba 21, zilikuwa zimelowa. Akazikausha, akaziweka mfukoni, kisha akavuta kamba ya kuwashia mara nyingi bila plagi ili maji yaliyobaki kwenye silinda yatoke kwa matundu yake. Wengi huruka hatua hii na ndiyo maana wanavuta kamba hadi bega linauma.

Mafuta mapya yalitoka dumu la akiba. Alijaza kwanza chupa nyeupe ya maji, akaisimamisha kati ya miguu, akasubiri. Chini pakabaki pasafi. Kwa kila lita 20 anachanganya mililita 400 za oili, yaani sehemu moja kwa hamsini. Ukipunja oili pistoni inapata moto na kukwama. Ukizidisha, plagi inajaa masizi na unarudi palepale. Baada ya kubonyeza pampu ya mpira hadi ikawa ngumu, injini ilikubali.

Muda wote huo upepo ulikuwa unapanda. Kijana alichota maji bila kuambiwa, na kama tungekuwa na watu wawili zaidi ndani ya ule mtumbwi, maji yangeingia haraka kuliko kopo lake.

Bwisya tulifika saa tano. Gati ni fupi. Hatua chache tu kutoka hapo, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, ilipinduka MV Nyerere ikitokea Bugolora siku ya gulio. Kibali chake kilikuwa abiria 101. Waliokufa walipita 220 na waliookolewa ni 41, kwa hiyo hesabu ya aliyehitaji ushahidi wa mzigo iko wazi. Watu walikuwa karibu kiasi kwamba walio gatini walikuwa wanawaona. Ila jambo moja lilikwenda tofauti na mwaka 1996: kivuko hakikutobolewa, na fundi mitambo mmoja aliyekuwa kwenye hewa iliyonaswa ndani alitolewa hai na wazamiaji siku mbili baadaye. Siku zilizofuata kivuko kilisimamishwa kwa kamba na kuvutwa ufukweni. Makaburi na mnara viko hapo hapo Bwisya, na wenyeji wanakupeleka bila kudai chochote. Jiwe linalocheza, ambalo ndilo linalojulikana zaidi na watu wa nje, lilikuwa na bei, na sikulipa.

Mtu wa Kagera akisimama pale hawezi kuacha kuwaza nyumbani. Kwetu Bukoba baada ya 1996 wengi waliapa hawapandi meli tena, wakazunguka na basi kupitia Biharamulo, na wapo ambao hawajarudi melini hadi leo. Nawaelewa. Lakini wengi wao, wakitembelea ndugu visiwani, wanapanda mtumbwi wenye watu arobaini bila kutazama ukingo. Bibi zetu huuliza jina la chombo na ukubwa wake. Sijasikia wakiuliza ndani wako wangapi.

Kurudi nilipanda kivuko, na mkataji tiketi alifunga lango huku watu bado wako nje wanalalamika. Niliwaonea huruma, na nikafurahi.

Bugolora nilikwenda na nahodha kwa mama muuza petroli, tukiwa na lile dumu lenye maji. Tuliimimina kwenye chupa mbele yake na mstari ukaonekana chini, upana wa vidole viwili.

"Shikamoo, mama. Tazama mwenyewe."

"Marahaba. Mjomba, mimi nimeletewa hivyo hivyo," alisema, bila ukali.

Fedha hakurudisha. Alikubali kutupimia lita tano nyingine, kila chupa isimame kwanza mezani kabla ya kuingia kwenye dumu. Chupa mbili za kwanza zilikuwa safi. Ya tatu ilikuwa na mstari, akaimwaga chini yeye mwenyewe, akaenda kufungua pipa.