Kisigino cha babu

Leo Jumamosi nimekwenda kumwona babu. Si babu yangu wa damu. Ni mzee wa mtaani kwetu Majengo, aliyefanya kazi kwenye genge la reli tangu ujanani, mara Kilosa, mara Manyoni. Hakujaliwa mtoto, na sisi watoto wa nyumba nne za jirani ndio tuliokuwa wajukuu zake. Alipopooza upande wa kushoto tulipokezana kumtunza mpaka tukaelemewa. Sasa yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee nje ya mji.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Nilidhani mmehama.”

Miezi miwili nilikuwa sijafika. Sikuwa na la kujibu.

Chumba kilikuwa safi, hilo niliseme. Sakafu imepigwa deki, shuka zimenyooka, harufu ya mkojo hakuna. Hata mimi ninayeshinda wodini niliridhika. Kisha nikamfunua miguu nimpake mafuta, maana upepo huu wa Julai unapasua ngozi ya kila mtu Dodoma. Kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, jeusi kuliko ngozi yake, linang'aa. Nikaligusa kwa mgongo wa mkono: lina moto. Nikalibonyeza kidogo: limelegea, kama zabibu iliyoanza kuoza. Ngozi ilikuwa bado haijachanika.

Chuoni tulifundishwa kutafuta wekundu, dalili ya mwanzo ya kidonda cha kulalia. Kwa ngozi zetu wekundu huo hauonekani vizuri, na ukiungoja utakuja kukutana na kidonda chenyewe. Lazima uguse. Ulinganishe kisigino na kisigino, nyonga na nyonga, na usisahau pale juu ya makalio mfupa unapokaribia ngozi.

Chini ya kisigino kile palikuwa na glavu iliyojazwa maji na kufungwa fundo. Mhudumu, binti mpole wa rika la mdogo wangu, akanieleza kwamba ndiye aliyeiweka, na kila asubuhi anapasugua kwa nguvu na mafuta ili damu itembee. Alikuwa amefanya kama alivyoona wenzake wakifanya, na kwa moyo mweupe. Nikamwambia taratibu: mdogo wangu, nyama ya hapo imeshakosa damu, ukiisugua unaichana kwa ndani. Na glavu hainyanyui kisigino, bado uzito umekilalia. Tukakunja blanketi, tukaliweka chini ya shavu la mguu kutoka karibu na goti mpaka juu ya kifundo, kisigino kikabaki kinaning'inia hewani. Akapitisha kiganja chake chini kuhakikisha hakigusi godoro.

Nikaomba daftari la zamu. Kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku kucha, tiki. Mwezi mzima tiki, kalamu ileile, zimepangana kama mishono ya cherehani. Nikamuuliza usiku huwa kuna wahudumu wangapi. Yuko mmoja. Wazee 19, na kati yao 5 hawawezi kujigeuza. Nikapiga hesabu: kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri ni raundi 5, yaani kugeuza mtu mara 25, na mzee mzito kama babu anataka watu wawili.

“Dada, ile ya saa nane na ya saa kumi huwa sifiki,” akasema kwa sauti ya chini. “Ila tunaambiwa daftari lisikae wazi.”

Hapo ndipo paliponiuma kuliko kisigino chenyewe. Kisanduku kitupu kingemsemea babu, kingemwonyesha msimamizi kwamba usiku watu hawatoshi. Tiki zimemfunga mdomo.

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu niliona kikombe cha maji kimejaa, kimewekwa mezani kushoto kwake. Kushoto, mkono usionyanyuka! Nikamkalisha vizuri, nikampa mkono wa kulia. Akanywa polepole mpaka tone la mwisho. Nikamuuliza kwa nini hakuomba. “Nilikuwa sitaki kuwasumbua. Nikinywa, nitalowesha shuka, na yule binti yuko peke yake.”

Nimeongea na msimamizi. Alinisikiliza. Mtu wa pili wa usiku hawezi kumpata mwezi huu, lakini amekubali tiki isiwekwe mpaka mzee awe amegeuzwa kweli, na meza ya babu imehamishiwa kulia. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo ya kwanza kumtunza mzee, na makazi ni hatua ya mwisho. Majirani wengine hunukuu jambo hilo kutuaibisha sisi tuliomleta. Aibu yangu mimi ni ile miezi miwili. Ningefika wiki mbili zilizopita, huenda doa lingekuwa bado dogo.

Nimeandika kwenye kundi letu la Majengo kuomba watu wa kwenda kusaidia usiku. Wawili wamejibu: kondakta mmoja wa daladala kachukua Jumanne, mama muuza mboga kachukua Ijumaa. Nimewatumia picha ya lile blanketi lilivyokunjwa. Mimi naenda Jumatano baada ya zamu, na kabla ya salamu nitagusa kile kisigino.